Kura ya Tjitske

Mzee Harmen Wolbrink aliondoka na jozi mbili za ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, na Inspekta Aukje Dijkema hakuipenda hiyo namba mbili.

"Una hakika zilikuwa jozi mbili?" aliuliza.

"Nimeziona kwa macho haya niliyopewa na Mungu," alijibu Bi Geesje Hulzebos, jirani wa ukuta mmoja. Alikuwa na miaka themanini na moja, naye alikaa wima kwenye kiti cha jikoni kwa Harmen kama mtu aliyeitwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa. "Jana alfajiri, saa kumi na mbili kasorobo. Mimi niko dirishani nangoja maji ya kahawa yachemke. Kazifunga kwenye baiskeli kwa kamba za mpira, ncha huku ncha kule, kama fundi anayehamisha ngazi. Nikagonga kioo. Akanipungia mkono, akaenda zake."

"Hukumuuliza aendako?"

"Mwanangu, mtu kabeba ski mwezi wa Desemba. Nimuulize kama anakwenda kuvua samaki?"

Sajenti Rutger Bosveld alikohoa ndani ya ngumi yake. Alikuwa amekaa kwenye kona ya meza, kompyuta yake imefunguliwa mbele yake, na kahawa ya Bi Geesje ilikuwa imeshamtia joto. Nje ya dirisha mji wa Kampen, Uholanzi, ulikuwa na rangi moja tu, ya maji ya kuoshea vyombo. Ilikuwa tarehe ishirini na saba, Krismasi imepita, na hapakuwa na chembe ya theluji kutoka mtoni hadi upeo wa macho.

"Afande, ski za mtu wa pili maana yake kuna mtu wa pili," alisema Rutger. "Mzee ana mchumba."

"Harmen?" Bi Geesje alimtazama kwa huruma. "Huyo mtu huongea na mimi mara mbili kwa mwaka, na mara moja ni kunitakia mwaka mpya." Akafungua mkebe wa biskuti, akampa Rutger moja, akaufunga mkebe kabla mkono wake haujarudi kwa ya pili.

Mtu wa nne jikoni humo hakucheka. Lieneke Wolbrink, binti pekee wa mzee huyo, alisimama karibu na friji, na kila baada ya dakika chache aliifungua tena, kana kwamba kilichomo kingebadilika. Ndani, mbele ya siagi, zilipangwa sindano nne za insulini. Hazikuguswa.

Jambo lenyewe lilikuwa hilo. Harmen Wolbrink alikuwa na miaka sabini na nne, na kisukari kilimpata akiwa na kumi na tisa. Bila sindano mwili wake haukuwa na lake. Daktari wake alikuwa amezungumza na Aukje kwa simu, maneno machache, bila kupamba: kama mzee ana ile sindano moja iliyoanza kutumika, ambayo huiweka mfukoni mwa koti, basi ilimtosha jana. Leo jioni atakuwa mgonjwa sana. Kesho hawezi kuahidi mtu chochote.

Na simu ya mzee ilikuwa juu ya kabati, imechomekwa kwenye chaji.

"Turudie tunachokijua," alisema Aukje.

Rutger alisoma kutoka kwenye kompyuta. Kamera za stesheni ya Zwolle zilimwonyesha mzee akipanda treni ya kwenda Ujerumani, ski zote nne begani. Tiketi alilipia taslimu. Baada ya hapo alipotea katikati ya nusu ya nchi, maana wiki hiyo nusu ya nchi husafiri kwenda kwenye theluji, na kila mtu wa pili kabeba ski. "Ila tunayo meza," alimalizia Rutger. "Na meza inasema Silberjoch."

Mezani palikuwa na vijitabu vitatu vya matangazo ya miji ya ski ya Austria, vimepangwa kwa mstari kwenye kitambaa cha plastiki chenye maua. Silberjoch. Hochwangen. Bad Kressen. Kila kimoja kilikuwa na picha yake ya mlima mweupe na anga ya buluu ambayo Kampen haikuiona tangu Septemba. Na juu ya kila kijitabu palikuwa na punje za maharage makavu ya kahawia: sita kwa Silberjoch, tatu kwa Hochwangen, moja kwa Bad Kressen.

"Silberjoch wamejibu?" aliuliza Aukje.

"Hawana mgeni wa jina hilo. Sheria ya kule inataka kila mgeni aandikishwe, lakini mkuu wa kituo anasema msimu wa Krismasi wenye nyumba huandikisha wanapopata nafasi ya kukaa chini." Rutger alitazama saa. "Anataka jina la mji mmoja kabla ya saa sita. Polisi wa kule wako tayari kupita nyumba kwa nyumba pamoja na waokoaji wa mlimani, lakini watu wao ni wachache. Mji mmoja, afande. Hawawezi kutafuta miwili."

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

Aukje alimgeukia binti. "Lieneke, nieleze haya maharage."

Lieneke alifunga friji. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye koti la kazini ambalo hakuwa amelivua tangu afike kutoka Rotterdam. "Ni mchezo wa nyumbani kwetu," alisema. "Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, baada ya supu ya dengu, Baba alikuwa analeta vijitabu vitatu. Kila mtu anapewa punje kumi. Unaziweka unapotaka. Mji wenye nyingi ndio tunakwenda."

"Watu watatu, punje thelathini."

"Ndiyo. Baba alikuwa anagawa. Sita huku, tatu kule, moja pale kwa heshima, asiuvunje moyo mji wa tatu. Mimi nilibadilisha mawazo mpaka wananipokonya kikombe. Mama alikuwa hagawi. Kumi zote mahali pamoja. Baba alikuwa akimwambia, Tjitske, hiyo si kura, hiyo ni amri."

"Mama yako alifariki lini?"

"Machi itakuwa miaka miwili."

"Na mwaka huu mlichagua lini?"

Lieneke alivuta uzi uliotoka kwenye mkono wa koti. "Hatukuchagua. Alinipigia mwezi wa kumi, akasema supu iko tayari. Nikamwambia, Baba, chagua popote, mimi nimebanwa na kazi. Mwaka jana pia nilimwambia hivyohivyo." Aliukata ule uzi. "Hakwenda popote mwaka jana."

"Anafahamu kwamba mama hayupo?"

"Siku nyingi anafahamu. Siku nyingine ananiuliza kama amesharudi kutoka sokoni."

Bi Geesje aliinamisha kichwa. Aukje hakusema pole, kwa kuwa alikuwa akitazama kikombe cha bati kilichokuwa kando ya kiwiko cha Rutger. Kilikuwa na maharage.

"Ski zenu hukaa wapi?" aliuliza.

Walipanda darini, Lieneke mbele na Aukje nyuma. Kwenye boriti palikuwa na misumari mitatu mikubwa. Miwili ilikuwa mitupu, na vumbi lililokuwa chini yake lilionyesha mistari minne myembamba, safi. Kwenye msumari wa tatu zilining'inia ski za kijani.

"Hizi zangu," alisema Lieneke. "Zile nyekundu za Mama hazipo."

Basi hapakuwa na mchumba. Mzee alikuwa amembebea mkewe ski zake.

Waliposhuka, Aukje alikimimina kile kikombe mezani na kuhesabu kwa kidole. Zilikuwa ishirini. Akahesabu tena. Ishirini.

"Kumi juu ya vijitabu ni za mzee, alivyozoea kugawa," alisema. "Sita, tatu, moja. Zilizobaki ni kumi za Lieneke na kumi za mama yake. Mtu aliyebeba ski za mkewe anamnyimaje mkewe kura?"

Rutger alikuwa ameacha kutafuna.

"Rutger."

"Afande."

"Zote hizi zilikuwa ndani ya kikombe ulipofika?"

Shingo ya Rutger ilianza kuwa nyekundu kutoka kwenye kola. "Nyingine zilikuwa mezani tu, afande. Zimekaa hapa ovyo, juu ya kitambaa. Nilidhani ni za kubaki. Nikazirudisha kwenye kikombe nipate pa kuweka kompyuta."

"Ulidhani."

"Nilikosea."

"Askari wa zamu alipiga picha kabla yako?"

Alipiga. Rutger alizitafuta kwa vidole vilivyokuwa vikikimbia kuliko akili, akaigeuza kompyuta. Picha ya tatu ilionyesha meza yote. Vijitabu vitatu kwa mstari, kila kimoja na punje zake. Na kwenye kona, penye kitambaa kitupu, mbele ya kiti cha nne, punje kumi zilikuwa zimepangwa duara, nadhifu kama kifungo cha nguo. Hapakuwa na kijitabu chini yake.

"Kiti hiki alikuwa anakaa nani?" aliuliza Aukje.

"Mama," alisema Lieneke.

"Basi mama amepiga kura. Kumi zote, hakugawa. Kumi ni nyingi kuliko sita. Mji ulioshinda si Silberjoch." Aukje aligusa kile kitambaa kitupu. "Ni mji usio na kijitabu."

"Kila mji una kijitabu, afande," alisema Rutger kwa sauti ndogo. "Hata ule wenye kilima kimoja na mbuzi."

"Mlikwenda wapi kabla ya vijitabu, Lieneke?"

Lieneke alikaa, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Palikuwa na mahali. Nilikuwa na miaka minne, labda mitano. Halafu Baba akapata cheo, tukaanza kwenda kwenye hoteli." Alifumba macho. "Ng'ombe walikuwa chini ya sakafu. Usiku nilikuwa nawasikia wakicheua. Mbao zilikuwa na joto, nilikuwa nalala miguu mitupu. Na mwanamke mmoja akinipa maziwa kwenye bakuli, si kwenye kikombe. Mama alikuwa anapasema kila mwaka. 'Siku moja turudi kule.' Na Baba anajibu, 'Kule hawana hata kijitabu, Tjitske.'"

"Jina."

"Silijui. Nisamehe. Silijui kabisa."

Ilikuwa saa tano na dakika tano. Aukje alipekua droo ya kabati, akapata betri, mishumaa na risiti za baiskeli. Alimuuliza Bi Geesje kuhusu daftari la anwani. Lilizikwa pamoja na mkoba wa Tjitske, Harmen alitaka hivyo. Alimtuma Rutger kwenye albamu za picha, naye akarudi na theluji, theluji, na theluji, bila jina hata moja nyuma ya picha. Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Lakini wahenga hao hawakuwa na mkuu wa kituo anayepiga simu kila robo saa.

Alipiga tena. "Dijkema, nawapa Silberjoch?"

"Bado, mkuu."

"Una nini mkononi?"

"Meza tupu."

Mkuu alipumua kwa pua, akakata simu.

Aukje alikwenda chooni. Ndiyo ilikuwa nafasi pekee katika nyumba ile ambapo mtu angeweza kufunga mlango na kuwaza. Alikuwa ameshaingia humo asubuhi ileile. Rutger naye pia, na askari wa zamu, na Lieneke mara mbili. Alikaa juu ya kifuniko, viwiko juu ya magoti, akainua uso. Mbele ya pua yake, kwenye msumari, palikuwa na kalenda ya siku za kuzaliwa.

Kalenda hiyo ipo kwenye kila choo, kutoka kaskazini ya nchi hadi kusini. Haina mwaka wala Jumatatu. Ina tarehe tu na majina, na mtu akiingia kujisaidia humkumbuka shangazi yake. Kwa sababu ipo kila mahali, hakuna aliyeiona. Wapelelezi wawili walikaa mbele yake na kusoma habari kwenye simu zao.

Kurasa zake zilikuwa za mwandiko wa mviringo wa mwanamke. Waliokufa walichorewa msalaba mdogo kando ya jina. Tjitske mwenyewe alikuwapo, tarehe tisa Januari, na hakuna mkono uliomchorea msalaba. Aukje alipita hapo haraka. Kwenye choo chake mwenyewe kulikuwa na jina moja la namna hiyo, mwezi wa nne.

Akafunua Desemba. Majina yalikuwa matano, na la mwisho lilikuwa tarehe ishirini na saba. Leo.

*Rosl.*

Alitoka na kalenda mkononi, msumari na vumbi la ukuta vikimfuata. "Rosl ni nani?"

Lieneke alishika meza. "Maziwa," alisema. "Bakuli la maziwa. Rosl ndiye alikuwa ananipa." Kisha akaanza kuongea kwa haraka. "Mama alimtumia kadi kila mwaka, kwa ajili ya siku yake, na yeye alituma ya Krismasi. Itakuwa hapo, afande. Kadi zote ziko hapo."

Kadi za Krismasi zilikuwa zimetundikwa kwa kamba juu ya mlango wa sebule, zimepanda na kushuka kama nguo zilizoanikwa. Rutger, aliyekuwa mrefu, alizifungua moja baada ya moja bila kuzitoa. Ya kumi na moja ilikuwa na picha ya kanisa dogo lililozama kwenye theluji hadi madirishani. Ndani paliandikwa maneno mawili ya Kijerumani na jina hilohilo, Rosl, kwa mkono unaotetemeka. Basi. Hakukuwa na anwani.

"Bahasha," alisema Aukje. "Bahasha zake ziko wapi?"

"Baba huzitupa."

"Hazitupi," alisema Bi Geesje.

Wote walimgeukia. Yule mama aliiweka sawa shali yake mabegani. "Harmen huniletea mimi. Kwa ajili ya stempu. Mimi hukusanya stempu za kanisa, kwa ajili ya wamisionari. Watu wa stempu hununua kwa kilo. Nakata kona ya bahasha, iliyobaki naweka kwenye karatasi za kutupwa. Hizo za kutupwa lori limeshachukua Jumatatu."

"Na stempu?"

"Stempu ni za Bwana. Hizo sitoi ovyo." Aliinuka. "Ila hii nadhani anairuhusu."

Alirudi na boksi la viatu lililojaa vipande vya karatasi. Walivimwaga kitandani kwa mzee, kwa kuwa meza haikuguswa tena na mtu. Wafalme, ndege, maua, mashine za upepo. Rutger alikuwa wa kwanza. "Austria," alisema, akainua kipande chenye picha ya kondoo. Akakisogeza dirishani, na uso ukamwanguka. "Muhuri ni wa Innsbruck. Barua za bonde zima hupitia huko. Haitusaidii, afande."

"Lete."

Bi Geesje alikuwa amekata kona ya juu, mkono wa kulia, kama ambavyo amekata kona kwa miaka hamsini: mkasi ukipita kwenye karatasi mbili kwa pamoja, ya mbele na ya nyuma. Aukje alikigeuza kipande. Watu wa kule huandika nyuma ya bahasha barua imetoka kwa nani, na mwenye mkono unaotetemeka alianza kuandika pembeni kabisa, juu kushoto. Mstari wa kwanza ulikatwa katikati na mkasi. Wa pili, ulio mfupi, ulikuwa mzima.

*Hinterlahn 6.*

Saa sita kasoro dakika saba mkuu wa kituo alipiga simu.

"Hinterlahn," alisema Aukje.

"Hiyo ni nini?"

"Nyumba kumi na mbili na lifti moja ya kamba. Rutger ameitafuta. Haina kijitabu."

"Unataka niwaambie watu wa kule waache Silberjoch, mji wa vitanda elfu nane, kwa sababu ya maharage?"

"Kwa sababu ya maharage, mkuu, na choo, na stempu."

Kwenye simu Aukje alisikia mtu akipita kwenye korido ya kituo na kusalimia. "Mungu akusaidie ukikosea," alisema mkuu mwishowe, bila hasira. "Nawaambia."

Namba ya simu ya nyumba namba sita waliipata kwa polisi wa bonde. Ililia mara tisa. Aliyepokea alikuwa mwanamume mwenye sauti nzito, na nyuma yake palikuwa na kelele za vyombo na watu wengi.

"Wendelin hapa. Kama ni kwa ajili ya Mama, ngojeni, leo anatimiza tisini, yuko na padre."

"Bwana Wendelin, mimi ni Inspekta Dijkema, polisi, Uholanzi. Mnaye mgeni anayeitwa Harmen?"

"Aa, Mholanzi wetu." Sauti ilicheka. "Amekuja jana na basi la mwisho. Miaka thelathini na tano hatujamwona, halafu anaingia jikoni na kuuliza supu iko wapi. Ameomba chumba cha vitanda viwili. Nikasema, bwana, nyumba imejaa, uko peke yako. Mama akanitazama vibaya, nikampa."

Lieneke alikuwa amesogea mpaka bega lake liligusa la Aukje.

"Yuko vipi sasa?"

"Amechoka, safari si mchezo. Hajashuka kula. Anakunywa maji kama ng'ombe, nimempandishia jagi la nne." Wendelin alishusha sauti. "Na pumzi yake inanuka ajabu. Kama matofaa yaliyooza kidogo. Nilifikiri amekunywa."

"Hajanywa," alisema Aukje. "Ana kisukari na hana dawa. Sikiliza, bwana. Daktari wa karibu yuko wapi?"

Sauti ya Wendelin ilibadilika, ikawa ya mtu aliyezoea ng'ombe kuzaa vibaya. "Bondeni. Barabara ina theluji, lakini anayo pikipiki ya theluji. Dakika arobaini. Shemeji yangu ni mwokoaji, yuko hapa anakula keki. Franz, acha hiyo keki."

"Mwambie daktari alete insulini. Na mtu akae naye, asilale peke yake."

"Mama ameshaanza kupanda ngazi," alisema Wendelin. "Nani atamzuia?"

Kisha wakangoja. Bi Geesje aliwasha tena kahawa, akafungua mkebe, na mara hii aliuacha wazi. Hakuna aliyechukua. Baada ya muda aliuliza kama wangemruhusu kuomba, na hakungoja ruhusa. Aliomba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza mkate: kwamba daktari afike, kwamba barabara ishike, kwamba mtoto huyu wa Harmen asibebe mzigo usio wake. Rutger alivua kofia. Aukje alifumba macho hadi neno la mwisho, na kidogo zaidi.

Simu ililia saa nane kasoro dakika kumi. Ilikuwa sauti ya mwanamke, fupi na safi: daktari. Amepata sindano, ana maji mshipani, helikopta itampeleka hospitali ya bondeni mawingu yakifunguka. Alichelewa, lakini hakuchelewa sana. Ataishi. "Anataka kusema na mtu anayeitwa Lieneke. Dakika moja tu."

Lieneke alichukua simu kwa mikono miwili.

"Baba."

Jiko lilikuwa kimya, na wote walimsikia. Sauti ilikuwa kavu, ikitoka mbali, lakini haikuwa na hofu yoyote.

"Theluji imefika madirishani, Lien. Rosl anakuuliza. Nimemwambia unakuja."

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikupigia supu ilipokuwa tayari." Alipumzika kupata pumzi. "Mama keshachagua. Zako ziko kwenye kikombe. Sikuzigusa, mtoto. Nani anapiga kura kwa niaba ya mwenzake?"

Daktari alirudi kwenye simu, akasema inatosha.

Lieneke aliiweka simu mezani, taratibu. Hakulia mbele yao. Rutger alitazama viatu vyake, kisha akaivuta kompyuta, akaifungua ile picha ya tatu, na bila kuambiwa na mtu alihesabu punje kumi kutoka kwenye rundo. Alizirudisha mahali pake, mbele ya kiti cha nne, moja moja, akitazama picha na meza, picha na meza, mpaka duara likawa duara.

"Hivyo, afande?"

"Ile ya juu, kushoto kidogo," alisema Aukje.

Akaisogeza.

Zilibaki kumi. Lieneke alivua koti, akalitundika nyuma ya mlango, akakaa kwenye kiti chake, kile kilichotazama dirisha. Alizikusanya punje kiganjani. Alitazama Silberjoch na anga yake ya buluu, Hochwangen, Bad Kressen. Akavitazama vyote vitatu kwa muda mrefu, kama inavyompasa mtu anayepiga kura kwa haki. Kisha akanyoosha mkono juu ya vijitabu na kuzimimina zote kumi kwenye kitambaa kitupu, kando ya zile za mama yake.

"Ishirini," alisema Rutger. "Imeshinda."

Bi Geesje alikuwa ameshazitoa zile sindano kwenye friji na kuzifunga kwenye taulo pamoja na mfuko wa barafu. Lieneke alipanda darini. Walimsikia akitembea juu ya vichwa vyao, akasimama, kisha wakasikia mbao ndefu zikigongana, zikishushwa kutoka kwenye msumari wa tatu.